Bei ya Mugeni, Jina la Ngoie

Ngoie, mutoto wangu,

Uko kwa Mama Odette unasukwa nywele, na ninajua vile anavyosuka: maneno mbio, vidole polepole. Kwa hiyo nina nafasi. Mvua imepita, jua bado liko juu ya mabati ya kanisa, na mashine yangu ya kushona nimeifunika kama muntu aliyemaliza kazi. Sijamaliza. Iniforme mbili zinaningoja, na zitangoja.

Treni wamesema ni kesho asubuhi. Kesho ya treni unaijua, inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa keshokutwa saa ya kula. Lakini barua hii nataka kuikunja leo, niiingize ndani ya plastiki, niiweke chini ya unga kwenye mfuko wako, uikute Kitwe siku ya kusonga bukari ya kwanza. Ukiikuta mbele ya kufika, soma tu. Nitakukatazaje nikiwa mbali?

Habari za kuchemsha maji, za kufunga mlango, za wanaume wa kwenye mabasi, sitaandika. Nkambo wako, mama yangu, amekuambia hayo tangu Jumatatu, na jana nilimsikia amefika mpaka kwenye namna ya kukaa juu ya valizi ya nguo bila kuivunja. Mimi nina neno moja, na nimelikalia mwaka muzima. Ni habari ya ule mwaka uliopotea. Wewe ulisema mimi njo niliupoteza. Ni kweli, ni mimi. Lakini hukujua kwa nini, na kosa la kutojua kwako ni langu pia.

Unakumbuka siku karatasi ya kwanza ya shule ya Kitwe, kule Zambia, ilifika kwenye telefone ya baba yako. Tulikuwa tumekaa katikati ya matairi ya baiskeli, wewe mikono nyeusi na mafuta, baba yako ameinyoosha telefone mbali na macho kama kawaida yake. Walikukubali. Mekanike ya mashine nzito, miaka mitatu. Mutoto niliyemkuta na miaka sita amefungua mnyororo wa baiskeli ya mteja na kuupanga chini kama ushanga, sasa atafungua mashine za mgodi zenye tairi ndefu kuliko nyumba yetu. Chini ya karatasi kulikuwa safu mbili za bei. Kingereza hakuna aliyekijua, tukampigia yomba wako Ilunga, ndugu yangu mukubwa, ambaye anakaa Kitwe tangu ujana wake. Akasoma polepole. Safu ya kwanza ilikuwa ya watoto wa Zambia. Ya pili ilikuwa ya wageni, nayo ilipita ile ya kwanza zaidi ya mara mbili, na walitaka yote ilipwe mbele ya siku ya kwanza ya masomo.

Baba yako alirudi kwenye tairi lake. Aliinama, akaanza kuziba tundu ambalo alikuwa ameisha kuliziba.

Mimi nilikasirika. Nilisema mutoto ni mutoto na mashine ni mashine, wa kwetu alipe zaidi amekosa nini? Yomba wako akanieleza kwamba serikali ya kule inaweka pesa yake juu ya watoto wa kule, na ile pesa inatoka kwa kodi ya wazazi wao. Sisi hatukuweka kitu. Sikutaka kumsikia. Halafu, haikupita hata juma moja, niko kwenye pompe ya maji, mwanamke wa ngambo ya reli akaanza kugombana kwamba bidon yake inalipwa bei kubwa kuliko zetu sisi wa hapa. Nani alimjibu? Ni mimi. Nilimwambia, “Mama, wakati tulichimba hii pompe, weye ulikuwa wapi?” Neno likatoka, na masikio yangu mwenyewe yakalisikia. Nilibeba bidon yangu nikaenda, kichwa chini, na maji yananimwagikia shingoni.

Basi niliielewa bei. Lakini kuielewa bei si kuilipa.

Njo hapo yomba wako akaleta shauri lake. Mutale, binti yake, alikuwa ameolewa, hana haja ya masomo, na kitambulisho chake cha Zambia kimelala ndani ya sanduku. Wewe na yeye mmelingana miaka, mmelingana hata paji la uso. Utaingia kama Mutale, utalipa bei ya wenyeji, utasoma. “Nani atajua?” alisema. “Bantu banafanya vile kila mwaka.” Hakusema kwa ubaya. Yomba wako alifika kule na nguo moja ya kuvaa, akajifunza kila mlango unafunguka kwa wapi, na mlango ule aliona ni wa kutusaidia.

Nami nilisema ndiyo. Hili njo kosa langu la kwanza, na usije ukalipunguza juu mimi ni mama yako. Sikusema ndiyo nikiwa nimebanwa. Nilisema na furaha. Niliimba nikishona. Nilianza hata kukuzoeza, nakuita “Mutale!” kutoka jikoni, unaitika, wadogo zako wanaanguka chini kwa kicheko. Nkambo wako, ambaye umebeba jina lake na ambaye tangu ulipozaliwa anakuita “majina yangu”, alikuwa anatoka nje na kiti chake kila nikianza mchezo ule. Nilifikiri amekasirika juu ya chumvi kwenye sombe.

Halafu siku moja tunakula, ukauliza. Hukuuliza kwa hofu, uliuliza vile muntu anauliza saa.

“Mama, na ile breve ya kumaliza masomo, itatoka na jina ya nani?”

Mkono wangu ulibaki ndani ya bukari. Nkambo wako aliniangalia, hakuondoa macho. Jibu nilikuwa nimelibeba tangu miaka ishirini. Nikasema tu, “Hauendi. Kwa jina ya Mutale, hauendi. Basi.”

Ulilia, ukasimama, ukaniambia neno lile. Ninaliandika hapa si kwa kukurudishia. Ulisema, “Weye haukusoma, njo maana hautaki na minyi nisome.” Na mimi nikakujibu nini? Nilikujibu, “Ondoa sahani.” Toka siku ile, siku nyingi, ulikuwa unapitisha maneno yako kwa mdogo wako Sifa, “Mwambie Mama makaa imeisha,” na mimi niko hapohapo, ninaona mwenyewe kwamba makaa imeisha.

Ngoie, nilisoma.

Nilisoma miaka miwili, kukata na kushona, kwenye ile nyumba ya ukuta wa njano ambayo siku hizi ni depo ya mahindi. Zamani ilikuwa shule ya wasichana. Umepita mbele yake pamoja nami mara ngapi, na kila mara ulilalamika kwamba natembea mbio. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Minerval, pesa ya shule, haikuwa yangu. Ilikuwa ya Numbi Georgette, binti wa dada ya nkambo wako. Baba yake alikuwa amelipa miaka yote miwili kwa mara moja, na mwezi haujaisha Georgette akamfuata bwana Lubumbashi. Shule ikakataa kurudisha pesa. Familia ikakaa, ikasema kiti kimelipwa, kitabakije bure, Julienne akikalie. Kwa wakubwa ilikuwa kama nguo ya mutoto aliyekua: unaipitisha kwa anayefuata, hauitupi. Hakuna aliyeona ubaya, na mimi njo nilifurahi kuliko wote. Nikajifunza kuitika Numbi.

Kazi ile niliipenda, na sikukuambia hilo pia. Nilipenda harufu ya chaki juu ya kitambaa. Lakini miaka ile miwili sikuchukua rafiki hata mmoja, juu rafiki anakuja nyumbani, na nyumbani wananiita Julienne. Jirani wa kartie yetu akipita karibu na ukuta, niliinamisha kichwa kwenye mashine asije akanisalimia kwa sauti. Wenzangu walisema ninajivuna. Nilikuwa ninajificha. Muntu akikuangalia kwa mbali, hivyo viwili vinafanana kabisa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa shati la mwanaume lenye kola, tangu asubuhi mpaka saa sita, mbele ya juri. Kola yangu ililala kama karatasi. Mzee mmoja wa juri aliligeuza shati ndani nje, akatafuta uzi wa kukata, akakosa, akaliweka chini taratibu. Nilijua nimepita.

Siku ya proklamasyo, ya kuita majina ya waliofaulu, nkambo wako alikuja na kopo la pouda. Aliuza kuku apate kununua kopo lile. Unajua vile inakuwa: jina linaitwa, familia inakimbia na kelele, inammwagia mutoto pouda kichwani mpaka anafanana na muntu aliyetoka kwenye kinu cha unga. Yeye alikaa nyuma kabisa, juu viti vya mbele vilikuwa vya watu wakubwa. Na habari ya jina aliijua. Alikuwa kwenye kile kikao cha familia, alikubali na mdomo wake. Lakini siku ile alikuja na masikio ya mama, na masikio ya mama yanangoja jina moja tu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Numbi Georgette. Nikatoka kwenye mstari. Wote tulikuwa na iniforme moja na kitambaa kimoja cha kichwa, na meza ilikuwa mbele, watu wako nyuma yetu. Nikapewa mkono, nikapigiwa makofi, nikarudi mahali pangu. Wakaita wa pili, wakaita wa tatu, pouda inaruka kila upande. Kati ya jina na jina kukawa kimya kidogo, na ndani ya kimya kile nikasikia sauti ya nkambo wako anamuuliza mama wa pembeni:

“Na wa kwangu, batamuita saa ngapi?”

Wakaendelea mpaka mwisho wa orodha, akiwa bado anangoja. Watu walipoanza kusimama njo alielewa. Alikuja polepole katikati ya wale wasichana weupe na pouda. Kichwa changu mimi kilikuwa kisafi. Aliniangalia, akaangalia kopo, hakulifungua. Angelifungua, wangeuliza huyu mama anamwagia Numbi pouda kama nani. Tukarudi kwa miguu. Alilibeba kopo lile kwa mikono miwili njia yote, kama amebeba yai.

Breve ilienda Lubumbashi, kwa mwenye jina. Tulikwenda kumuona mkubwa wa shule. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema akibadilisha jina itabidi akubali kwamba wakaguzi walidanganywa miaka miwili, na hapo tutakosa wote. Hakuwa muntu mubaya, alikuwa amechoka. Nkambo wako akamshukuru. Mwaka uliofuata niliolewa, halafu ukazaliwa wewe, na nkambo wako akaomba upewe jina lake, Ngoie. Alisema jina lile asingeweza kukosa kulisikia. Mimi peke yangu njo nilijua anasema nini.

Georgette usimchukie. Anafundisha kushona kule Lubumbashi, breve iko kwenye ukuta wake. Mara mbili tatu kwa mwaka ananipigia: “Julienne, ile kola inanikatalia.” Nami namueleza, kunja hapa, kata pembe, geuza, piga pasi mbele ya kushona. Umenisikia mara nyingi nikiongea kola kwenye telefone, ukafikiri ni mteja. Siku moja moyo ulinipanda, nikamwambia mtandao ni mubaya, nikakata. Halafu nikakaa nikawaona wale wasichana wake, mkasi mkononi, wanangoja mwalimu arudi na jibu. Nikampigia tena.

Sasa unajua kwa nini mkono wangu ulibaki ndani ya bukari.

Nakuona unauliza, kwa nini hukuniambia siku ileile? Hili njo kosa la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Niliona afadhali mutoto wangu anione mama asiyesoma kuliko anione mama muongo. Nikakuacha ubebe hasira mwaka muzima, hasira ambayo ningeweza kuitua kwa maneno ya dakika kumi. Nilifikiri nakulinda. Nilikuwa najificha tena, nimeinamisha kichwa kwenye mashine.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa baba yako, kesho ya siku ile ya bukari, akiwa amelala chini ya baiskeli ya muntu wa mahindi. Nilimwambia yote tangu kiti mpaka pouda. Miaka yote tuliyooana hakujua. Aliendelea kukaza bulo mpaka nikamaliza, halafu akasema, “Basi tubaulize.”

“Tuulize banani?”

“Benye shule. Tubaambie shiye ni bageni, na feza yote kwa mara moja haifike. Bakikatala, bamekatala.”

Yomba wako alicheka kwenye telefone mpaka akakohoa. Alisema hajaona muntu anaandika barua kujishitaki kwamba ni mugeni. Lakini tulikwenda, baba yako na mimi, kwa kijana yule wa sekretaria karibu na soko, anayeandika Kingereza kwenye mashine. Nilisema nimesimama, sikutaka kukaa. Sema sisi ni watu wa Kamina, Kongo. Sema mutoto wetu anaitwa Ngoie Kabamba Espérance, na kwenu ni mugeni. Sema tutalipa bei ya wageni yote, hatuombi ipunguzwe, tunaomba kuilipa kwa sehemu mbili. Kijana akauliza kama nataka aongeze kitu cha kuhurumisha, wengine wanaweka ugonjwa. Nikamwambia ugonjwa hatuna. Aweke kwamba mutoto anaweza kufungua kitovu cha gurudumu la baiskeli, kukisafisha na kukirudisha, hakuna hata gololi moja inayobaki chini. Alicheka, lakini aliandika.

Jibu lilikawia mpaka masomo ya mwaka ule yalikuwa yameisha kuanza. Njo vile mwaka ulivyopotea, Ngoie, ulipotelea kwenye kungoja. Lakini lilifika. Mwenye hesabu wa shule alisema mugeni anaweza kulipa nusu mbele ya kuingia, na nusu mbele ya sehemu ya pili ya mwaka, mzazi akiomba kwa barua. Nafasi yako wataishika mpaka Januari inayofuata. Iko kwenye sheria yao tangu zamani. Yomba wako alisoma, akasoma tena.

“Julienne,” alisema, “miaka yote hii, hakuna muntu aliuliza.”

Angeuliza nani? Wenye kuuliza walikuwa wamekaa ndani ya darasa, kila mmoja na jina la mwenzake.

Mwaka ule niliushona wote, unauona mwenyewe kwenye vidole vyangu. Na wewe, na hasira yako yote, hukuacha kushuka kwa baba yako kila asubuhi. Wateja wakaanza kusema, “Nipe ile mutoto mwanamuke aitengeneze, mzee anakawia.” Baba yako alijifanya kuumia. Alikuwa anawasimulia watu wa pompe.

Halafu siku ya resu, karatasi ya malipo. Yomba wako, yeye aliyecheka, njo aliyevaa shati nzuri akaenda kusimama kwenye dirisha la shule kulipa ile nusu. Alituma picha. Ulikuwa hapo, ulisoma wewe mwenyewe kwa sauti: Ngoie Kabamba Espérance, yote matatu, hakuna herufi iliyokosa njia. Juu yake waliandika neno lao la mugeni. Nilikuwa nimeogopa kwamba neno lile litaniuma. Halikuniuma hata kidogo. Lilikuwa limekaa pale kama karani, linalinda jina lako.

Na nkambo wako akaingia nyumbani, akatoka na kopo. Ulicheka, ukasema kopo lile limetoka kwenye kaburi. Lilikuwa na kutu, picha ya mutoto juu yake imefutika uso. Nilimshika mkono. Nilimwambia, “Mama, resu haiko diplome.” Akanijibu, “Niache. Minyi niko muzee, sina nafasi ya kungoja yote.” Kifuniko kikakataa. Baba yako akakivunja na turnevisi, na ndani pouda ilikuwa imekuwa jiwe. Ikabidi aikwangue kama anakwangua kutu kwenye rimu. Ilikuangukia kichwani vipande vipande, ikamwangukia hata yule bwana maskini aliyekuja kuziba tairi, akaenda zake mweupe bila kujua amefaulu nini. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Uliuliza kwa nini nkambo analia juu ya karatasi ya telefone. Nilisema ni vumbi.

Sasa unajua haikuwa vumbi.

Mutoto wangu, mimi nina miaka thelathini na saba, na mbele ya nkambo wako bado ni mutoto, kwa hiyo sina hekima ya kukujaza mfuko. Nina hii niliyoilipia tu. Kule watakuita mugeni. Itika. Lugha itakushinda mwanzoni, watacheka, cheka nao, halafu uliza tena. Ukiharibu bulo kwenye atelye ya shule, sema umeiharibu mbele hawajaiona. Nilikaa miaka miwili sijamuuliza mwalimu swali hata moja, juu swali linafanya mwalimu akuangalie usoni. Vitu vingi vya mashine ya kushona nilikuja kuvijua nikiwa na watoto watatu, kwa kuviharibu hapa nyumbani. Wewe acha wakuangalie usoni. Chukua rafiki, umpeleke kwa yomba wako, ale, asikie wanakuitaje.

Na Mutale umsalimie vizuri. Hana kosa, kitambulisho chake kinalala sandukuni kwa amani, na mimi pia siku hizi nalala kwa amani. Unajua kitu gani ninachofikiri tangu asubuhi? Mpaka. Nakuona umesimama mbele ya dirisha na karatasi zako, askari anakuuliza jina, nawe unajibu bila kufikiri. Kitu kidogo kile. Nimekigeuza kichwani siku nzima kama peremende, hakiishi.

Nusu ya pili ya minerval isikukoseshe usingizi. Ni kazi ya mashine yangu, na yenyewe inajua.

Sauti ya Mama Odette naisikia njiani, kumbe anakusindikiza na bado hajamaliza maneno. Wacha nifunge.

Kopo halikuisha. Nusu ya lile jiwe iko bado, nkambo wako amelifunika na kitambaa na mpira wa baiskeli, na amekata neno kwamba miaka mitatu ikipita yeye atakwenda Kitwe, treni ipende isipende. Nilimwambia, Mama, masikio yako yameanza kuchoka, utakaa nyuma tena, utawasikia? Akaniangalia kama nimemtukana.

“Batakaponiita nitasimama,” alisema. “Ngoie haiko jina yangu?”

Kwa hiyo ujue. Siku ile wakiita, mtasimama wawili.

Mama yako,
Kalenga Banza Julienne